Maswali ya Wasomaji: Kanisa la Kijijini, Kaburi la Wales na Madirisha ya Mwenye Nyumba

*Shikamoo Mwalimu. Nimehamia kijiji kimoja karibu na Spilsby, Lincolnshire, natunza wazee. Nyuma ya nyumba ya bibi ninayemhudumia kuna kanisa kuukuu, na nikimuuliza ananijibu tu kwamba amelikuta. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Je, naweza kuingia? Na historia yake nitaipata wapi?*

Marahaba mwanangu. Ingia. Makanisa mengi ya vijijini huko huachwa wazi mchana, na likiwa limefungwa utakuta karatasi barazani inayosema ufunguo uko kwa nani. Epuka saa ya ibada, na ukitoka rudishia mlango ndege wasiingie. Dini yako hakuna atakayekuuliza.

Ila kabla ya kuingia, lizunguke. Upande huo jiwe lao ni la kijanikijani, lilichimbwa hapo hapo kwenu, na ni jiwe bovu: huliwa na mvua kama sukari guru. Ndiyo maana kuta za makanisa ya huko zina viraka vya matofali. Kisha angalia matao ya milango na madirisha. La mviringo kwa kawaida ni la kabla ya mwaka 1200 hivi. Lenye ncha ni la baadaye. Ukiyaona yote mawili kwenye ukuta mmoja, jua jengo limebomolewa na kujengwa tena zaidi ya mara moja. Mawe ya makaburi hayatakufikisha mbali, maana mengi ni ya miaka ya 1700 kuja huku, na maskini hakuwekewa jiwe.

Maskini mtafute kwenye daftari. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Wengi waliandika kwenye karatasi hafifu, hivyo mwaka 1598 ikaamriwa yote yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka Elizabeth alioshika ufalme. Hilo neno "hasa" liliwafurahisha makasisi wavivu: wakaanzia hapo hapo 1558, na miaka 20 ya mwanzo ikapotelea mbali. Uzuri ni kwamba kila mwaka nakala ilipelekwa kwa askofu, kwa hiyo ukiambiwa daftari liliungua, usikate tamaa, ulizia nakala ya askofu.

Mimi napenda zaidi madaftari ya ndoa ya kuanzia 1754. Maharusi walitia saini, na asiyejua kuandika alichora msalaba. Unamkuta bwana mzima kachora msalaba, mkewe kaandika jina lake lote kwa mwandiko wa madaha, unabaki unacheka peke yako. Na kuanzia 1813 daftari la ubatizo lina safu ya kazi ya baba; hapo kijiji kizima kinajitokeza, kibarua, seremala, mhunzi. Madaftari ya zamani ya mkoa wako yamehifadhiwa kwenye nyumba ya nyaraka za mkoa mjini Lincoln.

Ukipata siku ya mapumziko, nenda Little Steeping, ni jirani yako kabisa. Mwaka 1862 kasisi wa parokia hiyo alikuwa Edward Steere. Ndiye huyo huyo Askofu Steere wa Unguja! Aliondoka 1863 na William Tozer, aliyekuwa kasisi wa Burgh le Marsh hapo karibu, akajifunza lugha yetu, mwaka 1870 akachapisha kitabu cha sarufi yake na kingine cha hadithi alizosimuliwa Unguja, na baadaye akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini pale palipokuwa na soko la watumwa. Alifariki 1882 na amezikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo. Kule Little Steeping walikarabati kanisa mwaka 1912 kwa kumkumbuka, na katika kazi hiyo jiwe moja lililokuwa likikanyagwa kama ngazi likageuzwa: kumbe ni sanamu ya kasisi wao wa karne ya 14, imelazwa kifudifudi.

*Mwalimu, kijana mmoja hapa Cardiff ananishikilia kwamba kaskazini mwa Wales kuna kaburi la Mwafrika la zaidi ya miaka 200. Kweli, au porojo?*

Kweli tupu. Kanisa la Ynyscynhaearn, karibu na Criccieth, liko peke yake mashambani, chini ya uangalizi wa Friends of Friendless Churches, chama kilichoanzishwa 1957 kuokoa makanisa yasiyo na wenyewe. Uani pake amezikwa John Ystumllyn. Aliletwa akiwa mtoto kwenye nyumba ya wakubwa iliyompa jina hilo, akajifunza Kiwelisi, akawa mtunza bustani, akamwoa Margaret Gruffydd mwaka 1768, akafariki 1786. Shairi lililo kwenye jiwe lake linadai alizaliwa India. Waliotafiti habari zake wanasema Afrika, na mimi niko nao.

Mwambie kijana wako avuke pia hadi Henbury, Bristol. Huko amezikwa Mwafrika mwingine, Scipio Africanus, mtumishi wa Earl wa Suffolk, aliyefariki tarehe 21 Desemba 1720 akiwa na miaka 18. Jina hilo, bila shaka, hakupewa na mama yake. Juni 2020 mtu alikwenda akalivunja jiwe lake la kichwani. Miaka 300 chini ya udongo, kamkosea nani?

*Nimepanga nyumba ya kale Ludlow, Shropshire. Upepo unapita madirishani kama hayapo. Mwenye nyumba anasema hawezi kuweka ya plastiki kwa sababu nyumba ni Grade II. Ananizungusha?*

Hapana, safari hii anasema kweli. Karibu majengo yote ya kabla ya 1700 yaliyobaki na sura yake yameorodheshwa kama majengo ya kihistoria yanayolindwa na sheria, na mengi ya kati ya 1700 na 1850. Zaidi ya asilimia 90 yako daraja hilo la chini, Grade II, kwa hiyo usidhani unalala kasri. Ulinzi ni wa jengo zima, ndani na nje, na kulibadilisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Wewe mwombe kioo cha pili kwa ndani, kinachofungwa bila kugusa dirisha lenyewe. Aulize halmashauri kwanza, mara nyingi hukubaliwa. Wakati mnasubiri jibu, nunua pazia zito. Hilo halihitaji kibali.