Umemkimbia baba, umeangukia kwa wenzako

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haipumziki. Ndiyo adhabu ya kuwa shangazi pekee katika ukoo aliyesoma falsafa.

Mwaka jana alinipigia binti wa kaka yangu, sauti imemkauka kwa kilio. Baba yake kang'ang'ania kidato cha tano asome PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), lazima awe daktari. Yeye anataka HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). "Shangazi, kwani haya si maisha yangu?" Nikamuuliza HGL ameipendea nini. Kimya. Kisha: "Bweni letu lote wanaenda HGL."

Vijana wengi hukwama hapohapo, halafu wanauita uhuru. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1784, aliwasema watu wanaoona raha kuwa na kitabu cha kuwafikiria, mchungaji wa kuwa dhamiri yao na daktari wa kuwapangia chakula. Lakini hakumaanisha ufuate lolote moyo unalotamani. Kwake, anayeburutwa na matamanio naye ana bwana. Mwanafalsafa Mmarekani Harry Frankfurt, mwaka 1971, alitupa namna ya kujipima ninayoipenda zaidi: hicho unachokitaka, unataka kweli kuendelea kukitaka? (Jiulize ukiwa na simu mkononi saa saba usiku.)

Usije ukadhani kujiamulia ni kuwapuuza wazee. Wanafalsafa kama Catriona Mackenzie na Natalie Stoljar wametetea kwamba uwezo wa kuamua hulelewa na watu wanaokuzunguka, na hao hao wanaweza kuubomoa. Mimi niko upande wa wanafalsafa hawa. Nauli, sare, hata godoro la bweni vimetoka kwa ukoo. Ukiwaambia "hayawahusu" umekosa adabu, na umesema uongo pia.

Nilimwambia hivi: andika sababu zako kwenye daftari, bila "wenzangu" wala "nataka tu". Mwombe baba naye atoe zake, na "mimi ndiye baba yako" haihesabiki. Kisha mtafute mtu anayefanya kazi unayoiwaza, akueleze siku yake inavyokwenda.

Daftari lilipofunguliwa, ikaonekana ndani ya HGL alichopenda ni Jiografia tu. Hesabu, ambazo HGL haina, alizimudu vizuri. Akabadilisha kwenda EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu) kabla muda haujafungwa. Kaka yangu alinuna wee, kisha akanipigia mwenyewe: "Hiyo EGM, shule gani wanayo?"