Filamu za mateka wa vita: anza na Thiaroye, Rambo mwache mwisho

Mkuu, umesema mzee wako ni askari mstaafu, anataka kuangalia filamu za mateka wa vita, na orodha uliyokusanya ni ndefu hujui uanzie wapi. Wadau wengi hapo juu wamekutajia zile za kutoroka. Mimi miaka ya tisini nilikuwa natafsiri kwenye banda la video Temeke: nakaa pembeni ya televisheni na maikrofoni, mkanda unakwenda, nasimulia kwa Kiswahili. Banda lilikufa zamani, lakini filamu za mateka sijaacha kuzitafuta mpaka leo. Kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu.

Nikwambie mapema ninachokiangalia. Anayetoroka ana hadithi tamu, lakini mateka walio wengi hawakutoroka. Walibaki kambini, wakihesabiwa asubuhi na jioni, wakifanyishwa kazi, wakiugua, wakigawana mkate kwa macho makali. Filamu ya mateka naipima kwa hao waliobaki. Halafu najiuliza ni nani aliyekuwepo kambini na filamu haikumwonyesha.

Rambo ya pili (1985) na zile za Chuck Norris zilijaza banda kuliko zote, sikatai. Staringi anarudi Vietnam, anakuta Wamarekani wenzake bado wamefungwa kwenye vizimba vya mianzi, anafyeka kambi nzima. Watu walitoka pale wakiamini ndivyo ilivyokuwa. Ukweli ni kwamba mwaka 1973, baada ya mkataba wa Paris, mateka 591 wa Kimarekani walirudishwa kwao, na kamati ya Seneti iliyochunguza suala hilo ilisema mwaka 1993 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa kuna Mmarekani aliye hai bado kifungoni kule. Filamu hizo zilijengwa juu ya uvumi, na mateka wenyewe mle ndani huwajui vizuri. Kama mzee anapenda mapigano, sawa, lakini zisimfungulie orodha.

The Great Escape (1963) ni jambo jingine, ile naiheshimu. Kambi ni Stalag Luft III, mji wa Sagan, ambao leo uko Poland. Maofisa wa anga wa nchi washirika walichimba mahandaki matatu wakayapa majina ya Tom, Dick na Harry, wakitumia mbao za vitanda vyao kuzuia mchanga usiwafukie. Tazama vizuri sehemu ya mchanga. Wanautoa nje kwenye mifuko iliyofichwa ndani ya suruali, wanauachia kidogo kidogo wakitembea uwanjani huku wanaukanyagakanyaga. Jambo hilo lilifanyika kweli. Usiku wa Machi 24, 1944 walitoka watu 76. Waliofika salama ni 3 tu, Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja. Waliokamatwa ni 73, na kwa amri ya Hitler 50 kati yao wakapigwa risasi.

Pikipiki ya Steve McQueen kurukia seng'enge haikuwepo. Hata Wamarekani hawakuwemo katika wale 76, maana walikuwa wameshahamishiwa sehemu nyingine ya kambi kabla handaki halijakamilika. Banda zima lilisimama kushangilia ile pikipiki, na dakika chache baadaye, pale wale wengine wanaposhushwa kwenye lori katikati ya uwanja mtupu, kelele zilikatika. Kwa hiyo naona filamu ilifanya haki mwishoni, na waliouawa ndio waliotunukiwa kazi yote. Lakini kwa saa karibu tatu kambi inaonekana kama shule ya bweni yenye wanafunzi watundu, na hapo ndipo inaponipungukia.

Sasa The Bridge on the River Kwai (1957), ya David Lean. Hii mzee wako ataipenda kwa sababu ni filamu ya ubishi wa kijeshi. Kanali Nicholson, Mwingereza aliyetekwa, aliyechezwa na Alec Guinness, anamwambia Kanali Saito, mkuu wa kambi wa Kijapani, kwamba Mkataba wa Geneva hauruhusu ofisa aliyetekwa kulazimishwa kazi za mikono. Anamwonyesha kitabu chenyewe. Saito anakichukua na kumchapa nacho usoni. Nicholson anatiwa kwenye kibanda cha bati juani, hakubali, mpaka Saito anasalimu amri. Hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu Nicholson akishashinda anataka kuthibitisha kuwa askari wake ni bora, na njia anayoiona ni kumjengea adui daraja zuri kuliko lile ambalo adui angejijengea mwenyewe. Hana tamaa ya chakula wala woga wa kufa. Kinachompoteza ni nidhamu yake. Mtu yeyote aliyekaa jeshini ameshakutana na mkubwa wa namna hiyo.

Tatizo ni historia. Daraja lilikuwa la reli ambayo Wajapani waliijenga kutoka Thailand kwenda Burma, ya kilomita 415, iliyokamilika Oktoba 1943. Mateka zaidi ya 60,000 walifanyishwa kazi pale, na zaidi ya 12,000 walikufa kwa njaa, kipindupindu, malaria, vidonda na kipigo. Ofisa wa Kiingereza aliyeongoza mateka kwenye kambi ya daraja, Philip Toosey, hakufanana na Nicholson. Alibishana na Wajapani kila siku ili wagonjwa wapumzishwe, na watu wake walihujumu kazi kila walipopata mwanya. Waliokuwa chini yake walikasirishwa sana na filamu.

Na kuna wengine ambao filamu karibu haiwaoni kabisa: vibarua wa Kiasia, Watamil kutoka Malaya, Waburma, Wajava. Hao walikuwa wengi kuliko mateka wa Kizungu, na inakadiriwa kwamba karibu 90,000 walikufa. Hawakuwa na maofisa wa kuwatetea, wala daktari, wala mtu wa kuandika majina yao. Bandani kwetu alikuwa anakuja mzee mmoja wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), aliyepigana Burma mwaka 1944 na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope. Tulipoonyesha Kwai alikaa mpaka mwisho, kisha akaniuliza wenyeji wa nchi ile wako wapi. Sikuwa na jibu siku ile. Swali lake ndilo lililonifanya nianze kusoma nyuma ya filamu ninazozisimulia.

Ukitaka kuona kambi bila sukari, tafuta Sudba Cheloveka ya Urusi (1959), ya Sergei Bondarchuk, ambaye pia ndiye staringi. Kuna sehemu moja ambayo nikiisimulia sauti hunibadilika. Mateka Sokolov amelalamika kambini kwamba wanadaiwa mita za ujazo nne za mawe kwa siku, wakati kaburi la mtu linatosha mita moja. Anaitwa na mkuu wa kambi auawe. Wajerumani wako mezani wanakula na kunywa. Anapewa bilauri ya pombe kali anywe kwa ushindi wa Ujerumani, anakataa. Anaambiwa basi anywe kwa kifo chake. Anakunywa, na chakula hagusi, anasema baada ya ya kwanza huwa hali. Ya pili, vilevile. Ya tatu ndipo anamega kipande kidogo cha mkate, na mwili wake wote unatetemeka kwa njaa. Mkuu wa kambi anamwachia, anampa mkate na kipande cha mafuta ya nguruwe. Anarudi bwenini akiyumba, na wenzake wanagawana ule mkate sawa kwa sawa mpaka makombo.

Ujue pia ilivyokuwa nyuma yake. Wasovieti waliotekwa na Wajerumani walikuwa zaidi ya milioni 5, na zaidi ya milioni 3 walikufa. Waliorudi walipokelewa kwa mashaka, maana amri ya Stalin ya Agosti 1941 ilimwona aliyejisalimisha kuwa msaliti. Filamu inayomfanya mateka kuwa shujaa isingetengenezwa Stalin akiwa hai.

La Grande Illusion ya Jean Renoir (1937) naitaja kwa ufupi, si kwa sababu ni ndogo. Ni ya vita vya kwanza, haina mapigano, na ofisa mmoja wa Kifaransa na mmoja wa Kijerumani wanaheshimiana kwa kuwa wote wawili ni watoto wa makabaila. Renoir mwenyewe alikuwa rubani wa vita vile, na Jean Gabin mle ndani amevaa koti la jeshi la Renoir. Mwekee mzee akiwa na utulivu.

Ya kwetu Afrika Mashariki iko moja, The Ascent (1994). Januari 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Nanyuki ili wapande Mlima Kenya. Vyuma vya kukanyagia barafu walijitengenezea kambini, na picha ya mlima waliyoitegemea ilikuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Benuzzi na Balletto walisimika bendera ya Italia kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakatumikia 7. Filamu imeongezewa mapenzi yasiyo na kazi, lakini kisa chenyewe nakipenda: watu waliotaka tu wiki chache za kuamua wenyewe waende wapi.

Nimeiacha Camp de Thiaroye (1988) ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow mpaka hapa kwa sababu ndiyo ninayotaka uanze nayo. Askari wa Kiafrika waliopigania Ufaransa, wakatekwa na Wajerumani mwaka 1940, wanarudishwa Senegal mwaka 1944 na kuwekwa kambi ya Thiaroye karibu na Dakar wakisubiri malipo yao. Mmoja wao anaitwa Pays. Amepitia Buchenwald, kambi ya mateso ya Wajerumani, hawezi kusema, na kofia ya chuma ya Kijerumani haitoki kichwani. Anapofika anakuta seng'enge na mnara wa mlinzi. Anaishika ile waya, na mwenzake anamtilia udongo mkononi ili aamini kuwa yuko Afrika. Nilipowasimulia majirani nyumbani, hapo nilinyamaza, nikaacha wamwangalie.

Baadaye wanaambiwa fedha zao zitabadilishwa kwa nusu ya thamani. Wanagoma, wanamzuia jenerali, anawaahidi haki yao, wanacheza ngoma kwa furaha. Usiku Pays yuko juu ya mnara na anaona vifaru vinakuja. Anakimbia kuwaamsha wenzake. Wanaona wazimu umempanda tena, kwamba anawaona Wajerumani.

Ilitokea kweli: Desemba 1, 1944 jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi askari hao. Wafaransa kwanza walisema waliokufa ni 35, baadaye wakataja 70, na wanahistoria wapo wanaosema ni mamia. Novemba 2024, miaka 80 baadaye, Rais wa Ufaransa alikiri kwa barua kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki. Sembène alikuwa ameshasema yote mwaka 1988, akapata tuzo maalumu ya majaji Venice, na Ufaransa kwa miaka mingi haikuonyeshwa.

Ina zaidi ya saa mbili na nusu, na nusu ya kwanza inakwenda polepole, kwa hiyo usimwekee mzee usiku. Mwekee Jumamosi mchana. Lugha ni Kifaransa, na askari wenyewe wanazungumza Kifaransa chao cha kambini, kwa hiyo itazame wewe kwanza ili uweze kumsimulia. Jumapili mpe Kwai. Ile ya Urusi ifuate wiki inayokuja. Akimaliza hizo tatu, uliza yeye anataka ipi, na ukija kutuambia alichosema kuhusu Nicholson nitafurahi sana kusoma.