Gia za Waya au za Umeme? Maswali ya Wasomaji wa Lubumbashi

SWALI: Ndugu mafundi, aksanti kwa kazi yenu. Ninaendesha kinga (baiskeli) ya mbio. Kila wiki nakwenda Kipushi na kurudi, na mwisho wa mwezi nafika Likasi. Tangu mashindano ya dunia ya Kigali, mwezi wa tisa 2025, naona wakubwa wote wana gia za umeme. Ndugu yangu aliye Ubelgiji yuko tayari kuniletea seti moja: Shimano Ultegra R8000 ya waya, au Ultegra R8100 Di2 ya umeme. Lakini hapa kwetu kuna delestaji, umeme hukatwa kwa zamu. Nichukue ipi? — *Msomaji, komini ya Katuba*

JIBU: Ndugu yetu, tuanze na lile linalokusumbua bure, yaani delestaji. Betri kuu ya Di2 hii imefichwa ndani ya bomba la kiti, na chaji moja hutosha takriban kilomita 1,000. Kipushi kwenda na kurudi ni kama kilomita 60, kwa hiyo utafanya safari hiyo mara 16 kabla ya kutafuta umeme. Tena waya wa chaji huchomekwa kwenye USB. Pawabenki inayochaji simu yako inaweza kuchaji na kinga pia. Cha kulinda ni waya wenyewe: kichwa kinachoingia kwenye deraya ya nyuma (kifaa kinachohamisha cheni) ni cha pekee, hukipati kwa wauza simu. Ukiupoteza, utasubiri mpaka mwingine uletwe kutoka nje.

Kuna betri nyingine ambazo wanunuzi wengi huzisahau. Leva za R8100, zile za kubofya gia kwenye usukani, hupeleka amri kwa redio, na kila leva ina betri mbili za duara, kama za saa, aina ya CR1632. Hudumu karibu mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Ile unayoiona kila mahali, ya kompyuta na ya funguo za gari, ni CR2032. Kipenyo chake ni milimita 20 na hii ni milimita 16, kwa hiyo haiingii. Mwambie ndugu yako alete nane.

Sasa vumbi, na hapa watu husema kinyume cha ukweli. Wengi hudhani vumbi letu jekundu la kiangazi na tope la masika vitaua gia za umeme kwanza. Wa kwanza kuumia ni waya. Kila unapobofya leva ya R8000, huvuta takriban milimita 2.7 za waya. Deraya huzidisha mwendo huo kwa 1.4, na cheni husogea karibu milimita 3.7, ambayo ndiyo nafasi kati ya pinyo moja (gurudumu la meno la nyuma) na jirani yake. Vumbi likiingia ndani ya ganda la waya na kuiba nusu milimita, cheni hukaa pembeni ya jino kwa milimita 0.7. Hapo inaanza kunung'unika, kusita, na mwisho kuruka. Gia za umeme hazina ganda la kujaa vumbi. Mota imo ndani ya deraya yenyewe, na amri hufika nzima mwezi wa pili kama mwezi wa nane. Usioshe tu kwa pampu ya maji ya nguvu kama zile za kuoshea magari. Ndoo na brashi vinatosha.

Mbele pia umeme unashinda waziwazi. Deraya ya mbele yenye mota husukuma cheni kwenye duara kubwa hata ukiwa unakanyaga kwa nguvu, na hujisogeza kidogo yenyewe kila unapobadilisha pinyo za nyuma ili cheni isiikwaruze. Kwenye waya, kazi hiyo unaifanya mwenyewe kwa kubofya nusu.

Kwa nini basi ushauri wetu kwako ni R8000 ya waya?

Kwa sababu ya ajali. Ukianguka ukavunja deraya ya R8000, deraya yoyote ya barabara ya Shimano ya pinyo 11 ya kizazi hicho, hata ya seti ya 105 R7000, itafanya kazi na leva zako, mradi mkono wake uitoshe kaseti yako, yaani rundo la pinyo zako. Mkono wake ukipinda kidogo, fundi mwangalifu anaweza kuunyoosha. Deraya ya Di2 ikivunjika mota, hainyooshwi wala haifunguliwi, na inayoweza kukaa mahali pake ni ya Di2 ya pinyo 12 tu. Wale wa Kigali walikuwa na gari la timu nyuma yao, lenye kinga nzima juu ya paa. Nyuma yako njia ya Likasi kuna malori ya shaba.

Kama moyo wako umeshakwenda kwa R8100, hatukukatazi, ni seti nzuri sana. Ila iwasili pamoja na vitu hivi: waya wa pili wa chaji, betri CR1632 nane, cheni mbili za pinyo 12 na viungo vyake vya kufungia, na masikio mawili ya fremu yako. Sikio ni kile kipande cha alumini kinachoshika deraya ya nyuma. Limetengenezwa lipinde kabla fremu haijavunjika, na kila fremu ina lake. Sikio likipinda, simama nyuma ya kinga uangalie kama vigurudumu vya deraya vimesimama sambamba na pinyo. Kama vimeinama, hakuna marekebisho ya programu ya simu wala ya skrubu yatakayokuponya. Linyooshwe kwa kifaa kinachofungwa kwenye tundu lake la M10, au libadilishwe.

Kuna njia ya katikati pia. Dura-Ace, seti ya juu kabisa ya Shimano, ya mwisho ya waya ni R9100 ya 2016. Zilipotoka Dura-Ace na Ultegra mpya za pinyo 12 mwaka 2021, hazikuwa tena na toleo la waya. Lakini 2023 Shimano walitoa 105 R7100, pinyo 12 kwa waya. Ni ya breki za diski pekee, kwa hiyo angalia kwanza fremu yako.

SWALI: Gia zangu za nyuma (Ultegra 6800) zimekuwa nzito. Zamani nilibofya mara moja, sasa cheni inasita kupanda pinyo kubwa. Nimezungusha kirekebishi cha waya mpaka kimekwisha. Fundi wa karibu anasema deraya imekufa. — *Msomaji, Kampemba*

JIBU: Usinunue deraya bado. Dalili hii, kwenye leva ambazo waya wake hupita chini ya utepe wa usukani, karibu kila mara ni waya unaokatika ndani ya leva. Waya wa gia wa milimita 1.2 umesokotwa kwa nyuzi nyembamba, na ndani ya leva hukunjwa kwenye kona kali. Nyuzi hukatika moja baada ya nyingine karibu na kile kichwa kidogo cha mwisho wa waya. Zinazobaki hurefuka, nawe unazungusha kirekebishi kuifukuza hitilafu ambayo haitakoma. Usibofye tena! Waya ukikatika wote, kichwa na vipande vya nyuzi huzama ndani ya leva, na kuvitoa kwa kibano huchukua saa kadhaa.

Fanya hivi. Kwanza shusha cheni mpaka pinyo ndogo kabisa, kwa sababu hapo tu kichwa cha waya hutazamana na tundu la kutokea. Legeza skrubu ya deraya, kata ncha ya waya, kunja raba ya leva, kisha sukuma waya ukitokea chini. Usiuvute kwa koleo ukitokea juu. Badilisha na ganda pia, milimita 4, la gia hasa. Ganda la breki ni milimita 5, nyuzi zake zimezungushwa kama springi na hubonyea. La gia nyuzi zake zimenyooka kwa urefu, na bila hilo kubofya hakutakuwa sahihi. Kata kwa mkasi wa waya wenye makali. Koleo la kawaida huponda tundu. Ukimaliza kukata, fungua tundu kwa msumari mwembamba na upige msasa uso wa ganda uwe bapa, ndipo uvalishe kofia yake.

Pitisha waya mpya, uvute kwa mkono tu, kaza skrubu kwa nyutonimita 6 hadi 7. Kabla ya kurekebisha, shika waya mahali unapoonekana uuvute kwa nguvu mara mbili tatu ili maganda yakae, halafu legeza skrubu, ondoa ulegevu, kaza tena. Mafundi wengi huruka hatua hii, na mteja hurudi baada ya siku tatu.

Sasa bofya mara moja, cheni ipande pinyo ya pili. Zungusha kirekebishi kinyume cha saa, taratibu, huku ukizungusha pedeli, mpaka cheni ianze kugusa pinyo ya tatu na kutoa sauti. Rudisha kidogo kidogo hadi sauti iishe. Hapo ndipo mahali pake. Skrubu za H na L, zinazoiwekea deraya mpaka, usiziguse, hazihusiki na tatizo lako.

Na waya ukikukatikia mbali na mji: cheni itaanguka pinyo ndogo, gia ngumu kuliko zote. Chukua bisibisi, kaza skrubu yenye alama H huku ukizungusha pedeli. Itaisukuma deraya ndani, na cheni itapanda pinyo ya pili au ya tatu. Si starehe, lakini utafika nyumbani bila kusukuma. Wenye gia za umeme hawana dawa hii: betri ikiisha, deraya hubaki pale ilipokuwa. Di2 huonya kwa kuzima ya mbele kwanza. Ukiona ya mbele imekataa, peleka ya nyuma pinyo ya katikati upesi, uiache hapo.

SWALI: Rafiki ananiuzia SRAM Force AXS (gia za umeme zisizo na waya) iliyotumika. Magurudumu yangu ni ya Shimano pinyo 11. Itaingia? — *Msomaji, Ruashi*

JIBU: Kaseti haitaingia. Pinyo yake ndogo ina meno 10, nayo haikai kwenye ngoma ya Shimano, ile sehemu ya kitovu cha gurudumu inayoshika kaseti. Inahitaji ngoma ya XDR, ambayo hununuliwa kulingana na kampuni ya kitovu chako. Kama kitovu chako hakina, bei ya rafiki imeongezeka kwa gurudumu zima. Ultegra R8100 ya mwenzako wa Katuba haina shida hiyo, kaseti yake hukaa kwenye ngoma ya zamani ya pinyo 11.

Kwa maisha ya hapa, AXS ina mazuri mawili ambayo tunayaheshimu. Kila deraya ina betri yake inayochomoka, yenye saa kama 60 za kuendesha, na betri hizo zinafanana. Ya nyuma ikiisha njiani, chomoa ya mbele uihamishie nyuma, uendelee. Na leva zake hutumia CR2032, ile ya mjini. Kabla ya kulipa, bonyeza kitufe cha kila deraya: taa ya kijani ni salama, nyekundu ni saa 5 hadi 15, nyekundu inayopepesa ni chini ya saa 5. Betri iliyochajiwa usiku na asubuhi inaonyesha nyekundu imechoka. Ukisafirisha kinga kwa basi, zichomoe, maana mtikisiko huziamsha na zinajimaliza bure.

Rekebisho la cheni inayokwaruza hapa halihitaji bisibisi: shikilia kitufe kidogo cha leva, bofya leva ya kushoto kuingiza deraya ndani, ya kulia kuitoa nje, hatua moja moja.

Breki zake za diski hutumia mafuta ya DOT 5.1, yanayopatikana kwa wauza vipuri vya magari. Za Shimano hutumia mafuta ya madini. Ukimimina DOT ndani ya breki ya Shimano, mipira ya ndani huvimba na breki inakufa. Jina la DOT 5, bila ile moja mwishoni, ni kitu kingine kabisa. Usikiweke kwenye yoyote.

SWALI: Naweza kufunga deraya ya Di2 na kubaki na leva zangu za waya? — *Msomaji, Kamalondo*

JIBU: Hapana. Deraya hiyo haina hata mahali pa kufungia waya. Leva, deraya na betri ni familia moja, na ya SRAM haisikilizani na ya Shimano.