Safu ya "Kawaida" Haikuandikwa kwa Ajili Yako

Msomaji kaniandikia: "Kaka, nimewekewa stenti (kibomba cha kuzibua mshipa wa moyo), nimepima mafuta ya damu, LDL yangu (mafuta mabaya) 2.9, maabara wameandika kawaida. Niache vidonge vya kushusha mafuta?" Usiache. Na maelezo nayaweka hapa, maana si wewe peke yako.

Mimi ni mwembamba. Sivuti, bia ni ya kwenye harusi tu, na asubuhi natembea mpaka Coco Beach. Lakini mwaka juzi, usiku, kifua kilibana, jasho likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Zahanati ya jirani wakasema ni vidonda vya tumbo, wakanipa dawa ya kiungulia, nikalale. Hilo linaniuma mpaka leo. Mke wangu ndiye aliyekataa, akaita bajaji. Hospitali kubwa, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na troponini, kipimo kinachoonyesha misuli ya moyo imeumia, vikasema ukweli: mshtuko wa moyo.

Daktari, binti mdogo tu, akanichukua damu ya mafuta alfajiri ileile bila kungoja nifunge. Baada ya mshtuko wa moyo, akasema, LDL hushuka siku zinazofuata. Ukichelewa kupima, cheti kinakudanganya. Yangu ilikuwa 3.3, na pembeni, kwenye safu ya kawaida, pameandikwa "chini ya 3.4". Akatoa kalamu nyekundu, akakata ile 3.4, akaandika juu yake 1.4. "Hiyo yao ni ya mtu ambaye hajaumwa moyo. Yako ni hii." Ndiyo namba ambayo wataalamu wa moyo wa Ulaya waliiweka mwaka 2019 kwa watu kama sisi, tena LDL ishuke angalau nusu.

Sasa ndugu zangu, acheni limau na kitunguu saumu badala ya statini, vile vidonge vya kushusha LDL! Utafiti wa Skandinavia wa mwaka 1994, wagonjwa 4,444 wa moyo, ulionyesha waliomeza simvastatini, aina mojawapo ya statini, vifo vilipungua kwa asilimia 30. Misuli ikiuma, rudi kwa daktari abadilishe dozi. Usijiamulie. Nasema tena, usijiamulie.

Omba pia kipimo cha lipoproteini (a), chembe ya mafuta ya damu inayofanana na LDL. Hiyo ni ya kurithi, mlo hauigusi sana, na kwa watu wenye asili ya Afrika kwa wastani huwa juu zaidi. Kwa wengi, kupima mara moja maishani kunatosha. Yangu ilikuwa juu, kwa hiyo nimewasukuma wadogo zangu nao wapime. Mmoja kanuna, anasema namtabiria kifo. Bado namsumbua kila Jumapili.