Wanataka damu ya mwanangu: nitie saini?

SWALI: Shikamoo Bi Nesi. Mwanangu ana miezi minane. Juzi walikuja watu wawili nyumbani, wakasema wao ni watafiti wa chuo kikuu cha utabibu, wanajaribu chanjo ya malaria na wangependa mtoto awemo. Watamtoa damu. Mavyaa anasema hao ni mumiani, damu wanaipeleka Ulaya. Tena mtoto wa jirani aliwahi kuingizwa kwenye utafiti kama huo, mwisho wakaambiwa alidungwa chanjo ya kichaa cha mbwa! Mume wangu yuko safarini, nao wanataka jibu upesi. Nifanyeje?
Mama Mtoto, Muyeye, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la kichaa cha mbwa limenichekesha, lakini jirani yako hakuchezewa. Chukua mfano wa R21, chanjo ya malaria iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford. Jaribio lake kubwa lilikuwa na watoto wapatao 4,800 kutoka Burkina Faso, Mali, Tanzania na hapa Kenya, tena katika kaunti yetu hii ya Kilifi. Kwa kila watoto wawili waliopewa R21, mmoja alipewa ya kichaa cha mbwa. Mzazi hakuambiwa mwanawe yuko kundi gani, ili asije akaacha chandarua kwa kujiona yuko salama. Bila kundi la pili, homa zikipungua utajuaje ni chanjo au ni mvua tu iliyokosa mwaka huo? Na badala ya kumdunga mtoto maji matupu, afadhali apate kinga ya kumfaa. Mbwa wa vichochoroni mwetu si unawaona? Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza R21 itumike.

Sasa damu. Mtoto wa kilo nane ana damu kama mililita 640. Wakimtoa kijiko kimoja cha chai, ni mililita tano, haifiki hata asilimia moja. Nimefanya kazi wodi ya watoto mpaka nikastaafu, na wengi huanza kulia pale mpira unapofungwa mkononi, sindano hata haijatolewa kwenye karatasi yake. Ila waulize watamtoa mara ngapi, kiasi gani kila mara, na damu itapimwa wapi. Mavyaa wako hajakosea yote: kuna sampuli husafirishwa hadi maabara za nje. Lakini hilo sharti liandikwe kwenye fomu ya ridhaa, nawe ulikubali au ulikatae.

Kilichonikera mimi ni hiyo “upesi”. Upesi wa nini? Fomu ni haki yako kubaki nayo nakala. Msomee mume wako kwa simu, mstari kwa mstari. Humo mtakuta nambari ya kamati ya maadili, yaani wale wanaoukagua utafiti ili wanaoshiriki wasidhuriwe. Mkiwa na shaka pigeni hiyo, msiwapigie watafiti wenyewe. Hata ukishatia saini, siku yoyote unaweza kumtoa mtoto, na kliniki yake ya kawaida haiguswi. Nauli ya kwenda na kurudi kwa kawaida hurudishwa. Anayekudai wewe pesa, mfungulie mlango atoke.

Swali la mwisho waulize wakiwa wameketi barazani, mavyaa naye akisikiliza: homa ikimpanda mwanangu saa nane za usiku kwa sababu ya chanjo yenu, nimpigie nani, na nani atalipa hospitali? Wakianza kutazamana, wape chai waende zao.