Timu Yetu Haikugombana Hata Siku Moja

Kwa miezi minane nilikuwa kwenye timu ya watengenezaji programu sita ambao hawakubishana kamwe. Mikutano ilikwisha mapema. Mtu akileta msimbo (maandishi ya programu) ukaguliwe, baada ya dakika mbili unapitishwa: "Uko sawa." Mistari mia nne, dakika mbili! Nami nilikuwamo.

Siku moja niliona mwenzangu ameandika sehemu ya malipo bila kuzuia ombi lile lile lisipokelewe mara mbili. Tulikuwa tumenuniana, kwa sababu wiki iliyotangulia aliufuta msimbo wangu akauandika upya bila kuniambia. Nikajisemea, shauri yake. Nikapitisha. Wateja wakakatwa pesa mara mbili, tukakesha sote wawili tukirekebisha bila kusemeshana. (Kununiana huku mnatazama skrini moja ni adhabu tosha.)

Kulipokucha nilimwambia ukweli: niliona, nikanyamaza. Nilitarajia anirukie. Badala yake akakiri kwamba aliuandika upya msimbo wangu kwa kuwa aliogopa kuniambia haueleweki. Kila aliyeniuliza kitu nilimjibu kwa ukali. Sikuwa nimejua. Ukimya nilioudhani amani ulikuwa woga, na sehemu yake niliipanda mwenyewe.

Siku hizi mabishano ya maandishi yakizidi majibu matatu, naacha kuandika, napiga simu. Maandishi hayana sauti. "Kwa nini umefanya hivi?" husomeka kama karipio hata ukiwa na nia njema, lakini "Ombi hili likija mara mbili itakuwaje?" humpeleka mtu kwenye kazi yenyewe.

Na makosa yasemwe hadharani. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watengenezaji programu, akihangaika usiku, alifuta data kwenye seva isiyo sahihi. Zilipotea data za takriban saa sita, na nakala rudufu walizozitegemea nyingi hazikufaa. Kampuni ilionyesha urejeshaji mubashara, na maelezo yake yalichambua taratibu zilizoshindwa, si mtu wa kumtoa kafara. Katika timu yetu ya zamani mhandisi yule angelificha kosa mpaka asubuhi.

Ila kama anayeogopwa ni kiongozi, ushauri wangu haufiki mbali. Aanze yeye kutaja kosa lake mbele ya wote.

Mwenzangu yule bado tunafanya kazi pamoja. Juzi alipinga mabadiliko yangu manne. Kwa matatu alikuwa na haki. La nne tungali tunabishana.