Dibaga ikiwa nzito, hesabu programu inasimama mara ngapi

Mara ya kwanza nilipoweka kituo chenye sharti (breakpoint: mahali ambapo dibaga, yaani programu ya kusakia makosa ya programu nyingine, huisimamisha hiyo nyingine sharti likitimia) ndani ya kitanzi kinachozunguka mara milioni moja, niliamini programu imekwama. Sharti lenyewe lilikuwa fupi kabisa: `i == 900000`. Nikasubiri, nikaizima, nikaanza upya, na mchana wote ukaniishia hapo. Nakuandikia wewe uliyeanza juzi ili wa kwako usipotee hivyo.

Kulinganisha namba mbili si kazi. Kinachokula muda ni kusimama. Dibaga ya GDB inapoweka kituo kwenye prosesa ya x86, hubadilisha baiti moja ya programu kuwa 0xCC, elekezo la kusimama. Programu ikiifikia, kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) huisimamisha na kuiamsha dibaga. Dibaga nayo husoma rejista, hutafuta `i` inakaa wapi, husoma kumbukumbu, hukokotoa sharti, huona si kweli, kisha huivusha programu pale ilipowekwa ile baiti na kuiachia iendelee. Safari hiyo yote hurudiwa kila mzunguko. Chukulia kila kusimama kunakula sehemu moja ya kumi ya milisekunde: hadi ufike 900000 umeshasubiri sekunde 90, na hilo ni sharti jepesi kuliko yote. Kuiambia dibaga iruke mara kadhaa za mwanzo hakusaidii, kwa sababu ili ihesabu lazima isimame.

Kwa hiyo, kama unaweza kukompaili upya, andika sharti ndani ya msimbo wenyewe: `if (i == 900000)`, na ndani yake mstari mmoja ambao kompaila haitaufuta, kwa mfano kuandika kwenye kigeu cha `volatile`. Weka kituo kisicho na sharti kwenye mstari huo. Programu italikokotoa sharti kwa kasi yake yenyewe, na dibaga itaamshwa mara moja tu. Wengine huiona njia hii ya kizamani. Mimi ndiyo ninayoianza nayo kila mara.

Usipoweza kukompaili, angalia sharti lako linaita nini. Ukiandika `strcmp(jina, "x") == 0`, GDB italazimika kuiendesha funksheni hiyo ya kulinganisha maneno ndani ya programu, kisha kuisimamisha tena inaporudi. Kusimama kumoja kumezaa kwingine. GDB iliyojengwa na Python ina `$_streq(jina, "x")`, ambayo husoma herufi tu na kulinganisha upande wa dibaga. Tofauti utaiona kwa macho.

LLDB, dibaga nyingine, ina mtego wake. Amri ya `expression` huupeleka usemi wako kwa kompaila ya Clang, ukakompailiwa kama msimbo wa kweli, hata kama ulitaka kuona kigeu kimoja tu. Kwa kutazama kigeu, au sehemu ya muundo, tumia `v`: hiyo husoma taarifa za DWARF (maelezo ambayo kompaila huacha kuhusu vigeu vinakaa wapi) na kwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Haiwezi kuita funksheni, na hilo mara nyingi ni faida.

Ukifanya kazi kwa mbali kupitia gdbserver, programu inayoifanyia GDB kazi kwenye kompyuta ya mbali, kila swali husafiri kwenye mtandao. Hakikisha `set breakpoint condition-evaluation` haijawekwa `host` (upande wa dibaga), ili sharti likokotolewe kule kule programu iliko.

Limebaki la kufuatilia kigeu kinachobadilika bila wewe kujua kinabadilishiwa wapi, kwa amri ya `watch`. Prosesa za x86 zina rejista 4 za anwani kwa kazi hii, na kwenye biti 64 kila moja huangalia baiti zisizozidi 8. Ukiipa GDB muundo mkubwa usioenea humo, itaanza kutembeza programu elekezo moja moja, ikisimama na kukokotoa kila hatua, na kasi itashuka mara mamia. Itakujulisha, ila kimya kimya: badala ya `Hardware watchpoint 2` itaandika `Watchpoint 2`. Ukiona neno la kwanza halipo, usiandike `continue`. Futa, kisha ufuatilie sehemu moja ya muundo huo.